Wanafunzi wa Miguuni pa Kitanda

Siku ya kuniaga chuoni mlinipa saa ya ukutani. Nilipofika nyumbani niliilinganisha na redio kabla ya kuitundika, nikaikuta iko nyuma kidogo. Sisemi mliinunua mkijua. Nasema tu kwamba mtu aliyeuguza na kufundisha uuguzi umri wake wote haamini kitu chenye mishale mpaka akipime kwa kingine. Mliniomba pia niandike mbinu zangu za kufundishia, nami nikashuku hapo hapo kuwa kuna mtu anataka kuzibandika kwenye ubao wa matangazo. Mbinu sina. Nina mambo niliyoyaona, na yaliyonifunza zaidi sikuyaona hapa Unguja, niliyaona Komoro, miaka ile ya mamluki.

Baba yangu alikuwa Mngazija aliyezaliwa na kuzikwa Unguja, kwa hiyo nilipoolewa na mtu wa Moroni na kumfuata kwao nilidhani narudi nyumbani. Siku ya kwanza kazini nilisalimia kwa Kingazija nilichokisikia kwa bibi yangu, na wodi nzima ikaangua kicheko. Kumbe nilikuwa nasema maneno ya vikongwe waliokwisha kufa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikanyamaza, nikavaa aproni, nikaanza kuangalia nani anaangalia nini.

Aliyenipokea alikuwa Bi Echati, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Yeye alikuwa miongoni mwa Wakomoro waliofukuzwa Mahajanga, kwenye kisiwa kikubwa cha jirani, na kuletwa kwa ndege, watu ambao Moroni iliwapa jina la utani la ndege zenyewe na haikuwasamehe kwa kuja mikono mitupu. Alikuwa mfupi, ana sauti ya chini, na hakumwamini mtu yeyote aliyesema "nimeshaangalia". Siku hiyo hiyo alinipeleka chumba cha kuchemshia, akamimina mkojo wa mjamzito kwenye kichupa chembamba, akakishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti.

"Ukichemka ukabaki maji, mshukuru Mungu," alisema. "Ukigeuka mweupe kama ute wa yai, kimbia umwite daktari. Mgonjwa atakwambia yuko salama. Mama mkwe atakwambia yuko salama. Mkojo hauna mama mkwe."

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa shule ya afya mambo ya wodini: wauguzi, wakunga, na wale wachache waliotazamiwa kupelekwa ng'ambo kusomea udaktari. Darasani walisomeshwa kwa Kifaransa na mkuu wa mafunzo, ambaye hapa nitamwita Daktari tu, maana wajukuu zake wapo na sina ugomvi nao. Alikuwa tabibu hodari, nguo zake zimepigwa pasi mpaka kwenye soksi. Alipouliza swali na mwanafunzi akakosa, alimwacha amesimama hadi kipindi kiishe. Waliokwisha kusimama mara mbili tatu walianza kuketi karibu na ukuta, wapate pa kuegemea watakaposimamishwa.

Lakini hofu ya Daktari ilikuwa hofu ya kawaida ya shule. Nje ilikuwapo nyingine. Wazungu wenye bunduki walikuwa wameshuka, wamemuua rais na kumrudisha mwingine, na sasa ndio waliolinda ikulu na, kwa maneno ya watu, hata mawazo ya watu. Baadhi yao walisilimu, wakachukua majina ya Kiislamu na wake wa pale pale. Sokoni Volo Volo mtu alikuwa akiulizwa bei ya ndizi anatazama nyuma kabla ya kujibu. Na shuleni kwetu pakaingia uvumi kuwa kuna mwanafunzi anayepeleka kambini kila linalosemwa darasani.

Mpaka leo sijui kama alikuwapo. Nawashuku watu wawili, na mmoja ameshafariki. Siku nyingine nashuku kwamba hakuwapo mtu kabisa, na kwamba Wazungu wale hawakuhitaji kumlipa yeyote, uvumi uliwafanyia kazi bure. Wanafunzi waliacha kuuliza maswali. Sisi Waswahili tunasema kuuliza si ujinga, lakini pale kuuliza kulikuwa kujitaja. Nikisema "Nani hajaelewa?" hakuna mkono. Ukilisikiliza darasa lile, kila mtu ameelewa kila kitu; ukienda nalo wodini, nusu yao hawajui kuifunga bendeji. Niliwaonea huruma na walinikera, yote mawili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama walivyosimama.

Mnajua kwamba Ngazija ina arusi kubwa, wenyewe wanaiita anda. Mwanamume aliyeifanya ni mtu mzima wa mji, anakaa mbele, anasema watu wakanyamaza. Asiyeifanya, hata awe na mvi, ni mtoto wa mji. Utawala wa vijana wa yule rais aliyeuawa ulikuwa umeipiga marufuku, kwa hiyo iliporudi ilirudi na hasira zake. Na iliingia mpaka wodini bila kubisha hodi. Kwenye raundi ya asubuhi, mtoto wa mtu aliyefanya anda alisimama kichwani pa kitanda, karibu na Daktari. Wa kati walisimama ubavuni. Waliotoka visiwa vingine, watoto wa wale wa Mahajanga, na watoto wa wavuvi walisimama miguuni. Hakuna aliyewapanga. Niliwauliza nani aliyesema wasimame hivyo wakanishangaa, kila mtu alikuwa amesimama mahali pake tu.

Sasa fikirini. Aliye kichwani anaona macho ya mgonjwa, anashika mshipa, anasikia Daktari anavyonong'ona. Aliye miguuni anaona kanga na vidole. Daktari akimwuliza wa kichwani, anajibu. Akimwuliza wa miguuni kuhusu weupe wa macho ambayo hakuyaona, anababaika, na Daktari anasema, "Nyinyi wa huko chini, mnakuja kufanya nini hapa?" Baada ya miezi kadhaa niligundua jambo lililoniuma: wa kichwani walikuwa wanajiona wana akili, wa miguuni wanajiona wajinga, na Daktari alikuwa na ushahidi wa kutosha kuamini vivyo hivyo. Nilipomwonyesha alicheka. "Bweni Salma," akaniambia, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke, "kitanda hakimpi mtu akili."

Miguuni kule alikuwako msichana anaitwa Nuriati. Alitoka Patsy, juu ya Mutsamudu, kisiwa cha Nzuwani, na alikuja Moroni akiwa na sifa za shule yake yote. Wiki za kwanza alikuwa ananifuata mpaka mlangoni na maswali: kwa nini dawa hii kabla ya chakula, kwa nini kitovu kinafungwa pale. Wenzake walimcheka kwa Kinzuwani chake. Daktari akamsimamisha. Akahamia ukutani. Mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa akisema "Sijui" kabla hujamaliza swali.

Kisha ikaja habari ya gari. Alionekana Volo Volo akishuka kwenye gari la Wazungu. Kufika adhuhuri shule nzima ilikuwa imeshampata mpelelezi wake, na jioni hapakuwa na mtu wa kula naye. Nilimwita nikamwuliza ana kwa ana. Akaniambia mvua ilimkuta barabarani, dereva ni mtu wa kwao Patsy, akampa lifti, basi. Nilimwamini. Kisha nikaenda kumtafuta dereva nikamwuliza na yeye. Maneno yao yalilingana, ingawa hayakulingana sana, na hilo likanituliza, maana uongo uliopangwa hulingana kila kitu. Niliwaeleza wenzake. Walinisikiliza kwa adabu, na hawakuniamini hata chembe.

Katika hali hiyo akaletwa mgonjwa ambaye ndiye sababu ya kuandika haya. Alikuwa mke kijana wa mmoja wa wale Wazungu waliosilimu, mwenyeji wa Moroni, mimba ya kwanza imekomaa, analalamika kichwa. Walinzi wenye bunduki walisimama mlangoni. Alikuwa amepambwa kama anakwenda karamuni: uso wote umepakwa liwa, msindzano kama wanavyouita, manjano imekauka vizuri, usijue kama chini yake uso umevimba, na kucha zimejaa hina. Watu wetu wangemwachia mwanamke liwa yake hata akiwa mahututi, kumwambia anawe ni kumvunjia heshima, na mbele ya bunduki zile nani angethubutu?

Raundi ikaja. Kichwani alisimama Abdou, kijana wa Ntsoudjini, baba yake mtu mzima wa mji mara mbili ikiwezekana. Hakuwa mtu mbaya Abdou. Daktari alimpa kipimo cha presha, akafunga kitambaa mkononi, akapuliza mpira, akasikiliza, nami nikamwona jasho linamtoka juu ya mdomo. Akataja namba nzuri. Nzuri mno, nilijisemea, kwa mtu anayeumwa kichwa.

"Uso una nuru," akasema Daktari kwa Kifaransa kitamu. "Hali njema. Apumzike."

Hapo nikatazama miguuni. Nuriati alikuwa ameinua pindo la kanga. Alibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa. Pakabaki shimo. Nililiona kutoka nilipokuwa, shimo refu lisilojaa. Naye aliliona. Akalitazama, akamtazama Abdou, akamtazama mlinzi mlangoni. Kisha akashusha pindo akaufunika mguu taratibu, akalinyoosha na kunjo la kanga.

"Nuriati," nikasema, "umeona nini?"

"Sijui, Bweni. Sikuona kitu."

Nimesikia mengi wodini, vilio na laana, lakini hakuna lililonishtua kama hilo. Nilisema kwa sauti kuwa ningependa kupima mkojo kabla ya mgonjwa kupumzishwa, ni desturi tu ya Bi Echati. Bi Echati mwenyewe alikwisha kuchukua chombo. Mkojo ulichemka ukaganda mweupe. Presha ikapimwa upya, na safari hii hakuna aliyeitaja kwa sauti. Daktari, niwe mkweli, alipoona kifafa cha mimba kimekaribia hakupoteza hata dakika ya kulinda jina lake. Mama na mtoto walipona, na mume akamletea Daktari kanzu ya joho. Sisi wengine hatukuletewa kitu, na hilo kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushukuru.

Abdou nilimkuta nyuma ya stoo ya mashuka analia. "Sikusikia, Bweni," alisema. "Mpira ulikuwa unavuja, sikusikia chochote. Lakini nitasemaje sikusikia, mimi, mbele ya wale?" Nilikuwa nimejitayarisha kumkaripia, nikampa leso afute uso. Yule wa kichwani hakuruhusiwa kutosikia, na yule wa miguuni hakuruhusiwa kuona.

Nuriati alikuwa chumba cha kuchemshia, anasugua vichupa vilivyokwisha kusuguliwa.

"Kwa nini ulifunika?" nikamwuliza.

"Ningesema ana maji miguuni, wenzangu wangesema nimemjulia wapi mke wa Wazungu kama situmwi nao. Na ningekosea, Wazungu wangeniuliza nilitaka nini."

"Hukukosea."

"Nimejua baadaye. Pale sikujua." Akaacha kusugua. "Bweni, macho yangu siyaamini tena. Naona kitu, kisha namsubiri Abdou aseme kama nimekiona. Mtu wa namna hiyo asizalishe watu. Baada ya Idi narudi kwetu, nikalime na mama."

Nilimwambia ana akili kuliko wengi. Nilimwambia nimemwona. Alitikisa kichwa kwa heshima zote, na nikajua kuwa hakuna neno langu hata moja lililoingia. Usiku, hapana, sitawadanganya kuwa sikulala, nililala, lakini niliamka na hasira.

Bi Echati alinisikiliza huku anakunja nepi. "Salma, mwanangu, mtu huyo usimwambie anajua. Atashuku unamhurumia, na atakuwa kweli. Mwondoe mahali pale. Mimi Mahajanga nilikuwa mkunga mzuri. Niliposhuka hapa kwenye ndege ile, mwaka mzima sikuweza kufunga kitovu bila mikono kutetemeka. Mikono ilikuwa ile ile."

Nilikwenda kwa Daktari kuomba wanafunzi wachache wapelekwe hospitali ya Mutsamudu kwa mazoezi, na mimi niwe nao. Alikubali kabla sijamaliza. Nikashuku sana. Labda alitaka kumwondoa msichana wa gari la Wazungu kabla hajawa tatizo lake. Labda alitaka kuniondoa mimi. Nilichukua ruhusa yake bila kuuliza, maana ukipewa kitu na mtu kama yule, kipokee kwanza ndipo ukikague.

Nuriati alikuja kwa sababu Mutsamudu iko njiani kwenda Patsy, ndivyo alivyoniambia. Wodi ilikuwa ndogo, vitanda vimesukumwa ukutani, na wagonjwa wamejifunika nguo zao nyekundu za shiromani na kuongea wote kwa pamoja. Asubuhi ya kwanza wanafunzi wangu walijipanga vile vile, bila hata kutazamana. Nikaweka sheria mbili. Ya kwanza, aliyesimama kichwani leo kesho anakwenda miguuni, awe mtoto wa nani. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi: kabla mtu hajasema alichokiona, aseme kwanza kile ambacho hakukiona au hakukisikia vizuri. Nami nilianza. "Sikusikia vizuri pafu la kushoto," nikasema siku ile, na ilikuwa kweli. Walinitazama kama nimevua nguo.

Nuriati hakupenda. Alifikiri ni mtego. Alikuja kuniuliza, kwa upole wa kisu, kama yale wanayosema hawakuyaona nayaandika nimpelekee mtu. Alinishuku mimi! Niliona uchungu kidogo, kisha nikafurahi mpaka nikashindwa kuficha. Kwa miezi mingi alikuwa akijishuku mwenyewe tu. Mwanafunzi anayeanza kumshuku mwalimu wake ameanza kupata nafuu. Nilimfungulia mkoba wangu akautazama ndani, mle mlikuwa na leso, tasbihi na pembe ya mbao ya kusikilizia mtoto tumboni. Hakuomba radhi, wala sikumtaka aombe.

Haikuwa haraka. Idi ikaja, akaenda Patsy, na nilikaa siku zote zile nikijua huenda asirudi. Alirudi na kikapu cha mihogo, akasema mama yake kamwambia shamba halijakosa mtu. Lugha ilimsaidia. Wanawake walimsalimia "Kwezi" yao na yeye akajua pa kuweka sauti katika kuitikia. Zile "Sijui" zake zikaanza kupata mikia: "Sijui, lakini ngoja nishike." Siku alipokuwa zamu ya kichwani alisimama kwanza kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake, akazoea. Abdou naye akaletwa kutoka Moroni kwa zamu yake ya mazoezi, na neno lake la kwanza lililosikika lilikuwa "Sikusikia, nipime tena." Hakuna aliyecheka. Nadhani alingoja cheko, maana alizunguka akatazama watu wote.

Uvumi ulivuka bahari ukatufuata, hilo mlitarajie. Wazungu walikuwapo Mutsamudu pia, na kulikuwa na muuza mikate aliyekaa mno karibu na dirisha letu. Lakini niliona kuwa watu wanaweza kuogopa nje na bado wakaulizana ndani, ikiwa ndani pana mahali pa kukosea. Hilo tu ndilo ninaloliita mbinu, kama mnalazimisha.

Mwishoni mwa mwaka Daktari alikuja kutukagua. Nilijua amekuja kuamua nani aendelee na nani arudishwe kwao, na jina la Nuriati lilikuwa mdomoni mwake tangu bandarini. Tulisimama kwenye kitanda cha mama mmoja wa mimba ya tatu, mama mkwe amekaa pembeni na upepeo wake. Nilimpapasa mama tumbo, nikasema mtoto ametanguliza kichwa.

"Hapana, Bweni," akasema Nuriati.

Upepeo ukasimama.

"Juu kule sikushika vizuri," akaendelea, "lakini hapa chini naona ni laini. Nasema ametanguliza matako."

Nilimpisha. Akashika tena, nikashika tena, akaweka pembe akasikiliza, akanipa nikasikiliza. Mapigo yalikuwa chini ya kitovu, wazi kabisa. Chini palikuwa pagumu, pa mviringo, panacheza mkononi kama nazi ndani ya maji. Kilikuwa kichwa. Ningetoa chochote niwe mimi niliyekosea siku ile.

"Umekosea," akasema Daktari, na niliitambua sauti ile, ndiyo ya "nyinyi wa huko chini".

Nilimtazama Nuriati nikingoja atafute ukuta. Alikuwa bado ameweka mikono juu ya tumbo, anapapasa polepole, paji limekunjamana, kana kwamba hatupo.

"Ee," akasema. "Nimekosea. Ni kichwa. Nilichoshika mwanzo nadhani ni kibofu, mama hajakojoa." Kisha akamwinamia yule mama. "Nisamehe, mama. Mwanao kanichezea."

Mama akacheka, mama mkwe akacheka, upepeo ukaanza tena. Nuriati akasogea nusu hatua, akaacha nafasi kando ya kitanda, akamgeukia Daktari.

"Na wewe shika, Daktari. Hujashika bado."

Daktari aliitazama mikono yake mwenyewe. Halafu akaenda kunawa, apate kushika.